Usiku Mmoja Verona: Nani Aliyepotoka?

Mimi ni muuguzi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeshika mikono ya wagonjwa katika saa zao za mwisho, nimefunga macho ya marehemu na kuwapa pole ndugu zao, kisha nikarudi kwenye dawati langu kuandika taarifa ya zamu. Machozi yangu hayatoki kirahisi. Lakini usiku mmoja wa Julai 2019, nchini Italia, nililia mbele ya watu kwa ajili ya mwanamke wa mchezo wa kuigiza. Nataka niwasimulie akina mama wenzangu jinsi ilivyokuwa, kwa sababu sikulia kwa ajili yake peke yake.

Nilikuwa huko kwa mafunzo ya majuma sita katika hospitali moja iliyo nje kidogo ya mji wa Verona, kaskazini mwa nchi hiyo. Nilipewa chumba katika nyumba ya watawa. Mwenyeji wangu alikuwa Sista mmoja mzee aliyewahi kuhudumu miaka mingi katika zahanati za Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, na alikisema kwa lafudhi ya Kihehe mpaka nikacheka siku ya kwanza niliyomsikia.

"Mwanangu," aliniambia jioni moja tukiwa tunamenya viazi, "huwezi kurudi Iringa ukasema ulifika Verona bila kuingia Arena. Mpwa wangu amenipa tiketi mbili. Tutakwenda Ijumaa."

"Sista, kuna nini huko?"

"Kuna opera," akasema. "Ni mchezo wa kuigiza, lakini hawasemi maneno, wanaimba mwanzo mpaka mwisho. Usiogope lugha. Nitakusimulia hadithi yote kabla, na mengine utayaona kwa macho."

Uwanja wa mawe

Arena ni uwanja wa maonyesho wa umbo la yai, uliojengwa na Warumi katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Uko katikati ya mji, kando ya uwanja mpana uitwao Piazza Bra, na watu hunywa kahawa mbele yake kana kwamba ni jengo la kawaida. Mawe yake ni meupe na ya rangi ya waridi, yaliyochimbwa katika vilima vya Valpolicella karibu na hapo. Zamani ulikuwa na ukuta mwingine mrefu wa nje, lakini tetemeko la ardhi la mwaka 1117 liliuangusha karibu wote. Kimebaki kipande kimoja tu chenye matao manne, kimesimama peke yake kama jino la mwisho la bibi kizee.

Warumi walikuja hapa kutazama watu wakipigana na wanyama na wakipigana wao kwa wao mpaka kufa. Nilipopita chini ya yale matao nilifikiri juu ya damu iliyomwagika pale huku watu wakishangilia. Leo watu huja kwa ajili ya muziki. Maonyesho ya opera ya kila kiangazi yalianza mwaka 1913, watu wa Verona walipotaka kuadhimisha miaka mia moja tangu kuzaliwa kwa Giuseppe Verdi, mtunzi mkuu wa opera wa Italia. Mwimbaji aliyeitwa Giovanni Zenatello ndiye aliyeongoza jambo hilo. Walianza na opera ya Verdi iitwayo Aida, na isipokuwa miaka ya vita kuu na mwaka wa kwanza wa janga la Korona, desturi hiyo imeendelea.

Tiketi zetu zilikuwa za kule juu, kwenye ngazi za mawe, ambako bei ni nafuu. Tulibeba mkate, maji ya kunywa na mito miwili ya kukalia, na mara moja nikajua sababu ya ile mito. Jua la mchana kutwa lilikuwa limeingia ndani ya mawe, na jiwe lilitoa joto kama jiko lililozimwa sasa hivi. Sista alikunja khanga aliyotoka nayo Tanganyika, kama alivyopenda kuiita, akaiweka juu ya mto wake. Kulizunguka uwanja wote walijaa watu, maelfu kwa maelfu: wazee, vijana, akina mama waliopakata watoto waliolala. Chini kabisa, kwenye viti vya bei ghali, niliona wanawake wenye magauni marefu na waume zao wenye tai. Ilikuwa saa tatu usiku, na anga bado ilikuwa na mwanga kidogo.

Kisha watu wakaanza kuwasha vijishumaa. Sista alitoa viwili mfukoni, akaniwashia kimoja. Taa kubwa zilipozimwa, uwanja mzima ulimetameta kwa ndimi ndogo za moto, kuanzia chini mpaka ukingoni juu ambako nyota zilianza kuonekana. Nilikumbuka mkesha wa Pasaka. Hakuna aliyetuambia tunyamaze, lakini watu wote walinyamaza.

Mwanamke na kifua chake

Opera ya usiku ule inaitwa La Traviata. "Maana yake," Sista alikuwa ameniambia, "ni mwanamke aliyepotoka, aliyeiacha njia." Verdi aliitunga, na ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Venice tarehe 6 Machi 1853. Usiku huo haikupokewa vizuri. Mwaka uliofuata, baada ya kufanyiwa marekebisho, ilionyeshwa tena katika mji huohuo na ikapendwa, na tangu hapo imezunguka dunia.

Hadithi yake ilitoka katika kitabu cha Mfaransa Alexandre Dumas, yule mtoto, aliyeandika juu ya mwanamke aliyemjua mwenyewe. Mwanamke huyo aliitwa Marie Duplessis. Alitunzwa na matajiri wa Paris, na akafa kwa kifua kikuu mwaka 1847 akiwa na miaka 23 tu. Katika opera anaitwa Violetta.

Violetta anafanya karamu nyumbani kwake. Kuna vinywaji, mavazi ya thamani na vicheko. Katikati ya sherehe anashikwa na kizunguzungu, anawaambia wageni watangulie, kisha anajitazama kwenye kioo na kuona jinsi alivyopauka. Wageni wanaendelea kucheza dansi chumba cha pili. Mimi, kule juu kwenye jiwe langu, nilijikuta nimeinama mbele kama niko wodini. Amekonda, anachoka upesi, anakohoa. Nani amemwambia apime makohozi?

Hapakuwa na wa kumwambia, maana siku hizo hata chanzo cha ugonjwa hakikujulikana. Daktari wa Ujerumani, Robert Koch, alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu tarehe 24 Machi 1882, karibu miaka thelathini baada ya opera hii kuonyeshwa mara ya kwanza. Dawa ya kweli ya kukiua haikupatikana mpaka miaka ya 1940. Leo, akina mama, mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida hutumia dawa kwa miezi sita, na nchini kwetu hutolewa bila malipo. Mtu akikohoa majuma mawili na zaidi, msimwache nyumbani akinywa tangawizi. Mpelekeni kituo cha afya. Violetta hakuwa na kituo cha kwenda, bali sisi tunavyo.

Katika karamu ile yuko kijana mmoja, Alfredo, ambaye peke yake anabaki nyuma kumwuliza hali yake. Anamwambia kwamba anampenda. Violetta anacheka, kisha anaacha kucheka. Sehemu ya kwanza inaishia hapo, yeye akiwa peke yake jukwaani, hajui kama amwamini au la. Nilitafuta kwa macho vipaza sauti vilipo, sikuviona. Sauti ya yule mwanamke mmoja ilipanda ngazi zote za mawe ikatufikia sisi wa juu kama vile yuko chumba cha pili.

Mzee mwenye adabu

Sehemu ya pili inawakuta wamehamia shambani, nje ya mji. Violetta ameacha maisha yake ya zamani. Anauza mali zake mwenyewe kwa siri ili wapate kuishi. Siku moja, Alfredo akiwa hayupo, anaingia baba yake, mzee Germont.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Nilitazamia baba mkali na mwovu, nikaletewa mtu wa heshima. Mwanzoni anadhani Violetta anakula mali ya kijana wake. Anapoonyeshwa karatasi za mauzo anashangaa, na anatambua kwamba mbele yake yuko mwanamke mwenye moyo mwema. Lakini pamoja na kutambua hayo, haondoki. Anasema ana binti nyumbani, na mchumba wa huyo binti atamkataa ikiwa kaka yake ataendelea kuishi na mwanamke wa namna hii. Anaomba. Anasema kwa upole. Anamsifu. Anamwonea huruma hata anapolia. Na bado anamtaka amwache Alfredo, tena bila kumwambia sababu.

Violetta anakubali. Anamwomba yule mzee amkumbatie kama binti yake.

Ndugu zangu, hapo ndipo jiwe nililokalia lilipogeuka kuwa baridi.

Mwezi Machi mwaka uleule wa 2019, miezi minne tu kabla ya usiku huo, nilikwenda mimi mwenyewe kwenye genge moja la chakula karibu na stendi ya mabasi. Nilivaa sare yangu ya kikundi cha akina mama wa kanisa, maana nilikuwa natoka mazoezi ya kwaya. Genge lilikuwa la binti ambaye mdogo wangu wa mwisho alitaka kumwoa. Mdogo wangu huyo nilimlea tangu wazazi wetu walipofariki, akiwa darasa la pili, na kwangu ni mwana. Binti alikuwa na mtoto wa miaka minne aliyempata nje ya ndoa, na kabla ya kufungua genge aliwahi kuhudumu baa.

Sikumtukana. Laiti ningemtukana! Niliketi, nikamwita "binti yangu", nikamsifu kwa usafi wa vyombo vyake. Kisha nikamweleza kwamba mdogo wangu bado anajijenga, kwamba familia yetu inatazamwa kanisani, kwamba watu watasema. Nikamwambia kama anampenda kweli, atampisha. Nikamwomba asimwambie kwamba nilifika pale.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nimekuelewa, mama," akasema. Alinimiminia chai, na nilipotoa pesa alikataa kuipokea. Niliondoka nikimshukuru Mungu kwa kuniongoza kusema kwa hekima.

Mdogo wangu akaambiwa na yule binti kwamba hamtaki tena. Akakonda, akaacha kuja nyumbani chakula cha Jumapili. Nilimwambia, "Mungu ana makusudi yake." Ndiyo, nilisema hivyo, huku nikijua.

Mazungumzo chini ya matao

Wakati wa mapumziko tulishuka kunyoosha miguu chini ya matao. Sista aliniangalia. "Umeumwa, mwanangu?"

Nikamweleza yote pale pale, watu wakipita na barafu zao za sukari. Hakunikemea. Alinisimulia habari za Verdi mwenyewe.

Verdi alikuwa mtu wa kijiji, mtoto wa mwenye duka na nyumba ya wageni karibu na mji mdogo wa Busseto. Alipokuwa kijana alizika watoto wake wawili wadogo, mmoja mwaka 1838 na mwingine 1839, na mwaka 1840 akamzika mkewe. Baadaye aliishi na mwimbaji aliyeitwa Giuseppina Strepponi, ambaye alikuwa amezaa nje ya ndoa. Watu wa Busseto walimtenga mwanamke huyo. Hata mzee Antonio Barezzi, baba wa marehemu mke wake, ambaye ndiye aliyemsomesha Verdi, alimwandikia barua ya kumlaumu. Verdi alimjibu Januari 1852, na mwaka uliofuata akaleta hadithi hii ya Violetta. Alifunga ndoa na Giuseppina mwaka 1859.

"Na yule mzee?" niliuliza.

"Alikuja kumpenda Giuseppina kama binti yake," Sista alisema. "Alipofariki mwaka 1867, wote wawili walikuwa kando ya kitanda chake. Unaona? Yeye aliwahi. Yule wa jukwaani hakuwahi. Twende, wanaanza."

Baadaye nilisoma kwamba Verdi alijenga hospitali katika kijiji cha Villanova sull'Arda kwa ajili ya maskini wa eneo lake, na ilifunguliwa mwaka 1888. Kama muuguzi, habari hiyo ilinifurahisha kuliko sifa zake zote nyingine.

Chumba cha mgonjwa

Sitawasimulia kila kitu. Alfredo, kwa kutojua ukweli, anamfedhehesha Violetta mbele ya wageni kwa kumtupia fedha kama malipo. Baba yake anaingia na kumkemea. Lakini anajua sababu ya yote na hasemi. Nilimtazama yule mzee amesimama kimya na siri yake, nikajiona mimi nikigawa wali siku ya Jumapili mbele ya kiti kisicho na mtu.

Mwisho ni chumba kimoja, kitanda kimoja na mtumishi mmoja wa kike. Nje watu wanasherehekea. Daktari anamwambia mgonjwa maneno ya matumaini, kisha mlangoni anamnong'oneza mtumishi kwamba zimebaki saa chache. Mara ngapi nimesimama kwenye mlango kama ule! Violetta ana sarafu ishirini tu zilizobaki. Anaagiza kumi zigawiwe maskini.

Ana barua pia, kutoka kwa mzee Germont. Amemwambia mwanawe ukweli wote, na wote wawili wanakuja kuomba msamaha. Violetta anaisoma, na anajua kwamba wamechelewa. Wanakuja kweli. Mzee anamkumbatia sasa kama binti, kama alivyoombwa siku ile. Kisha mgonjwa anasema maumivu yameisha, nguvu zinarudi, anasimama. Watu waliokaa karibu nami walitabasamu. Mimi nilijua. Wauguzi wenzangu mnajua ile nafuu ya ghafla inakuja kabla ya nini. Anaanguka.

Uwanja mzima ulibaki kimya kidogo, kisha makofi yakalipuka kama mvua juu ya mabati. Mimi sikupiga makofi. Sista alinishika mkono, tukakaa pale mpaka watu wengi wakawa wameshuka na mawe yamepoa kabisa. Nilifikiri juu ya yule mwanamke aliyeletwa mbele ya Bwana Yesu na watu wenye mawe mikononi. Siku zote nilipoisoma habari hiyo nilijiona nimesimama upande wa Yesu. Usiku ule niliangalia mikono yangu.

Niliporudi nyumbani

Nilifika Iringa mwezi Agosti. Siku ya tatu nilikwenda kwenye lile genge, safari hii bila sare. Binti alikuwa anaosha sahani. Nilimwambia nimekuja kumwomba msamaha, nikasema kosa langu kwa jina lake, bila kulipamba.

Aliendelea kuosha kwa muda. Kisha akasema, "Mama, siku ile ulikuja na maneno mazuri. Ndiyo maana nilishindwa kukujibu. Ungekuja na matusi, ningejua la kusema."

Nikamwambia nitamweleza mdogo wangu. Akasema, "Mwambie wewe mwenyewe. Mimi nimechoka kulibeba."

Nilimwambia mdogo wangu jioni ileile, mume wangu akiwepo. Hakusema neno. Alichukua koti lake akatoka, na kwa miezi mitatu hakukanyaga mlangoni kwangu. Nilistahili. Nilijifunza kwamba kuungama hakufuti kilichotendwa. Kunafungua mlango tu, na kuingia au kutoingia ni uamuzi wa uliyemkosea.

Kwa neema ya Mungu, sisi hatukuchelewa kabisa. Walifunga ndoa Desemba 2020, ibada ndogo ya asubuhi, na mtoto wake ndiye aliyebeba pete. Leo ni watu wenye amani nyumbani mwao.

Mama msomaji, huenda nawe una kijana anayetaka kuoa, au wifi ambaye hujamkubali, au mkwe ambaye unamsemea taratibu nyuma ya mlango. Usijipime kwa upole wa sauti yako. Mzee Germont alikuwa mpole. Mimi pia nilikuwa mpole. Jipime kwa kile unachomwomba mwenzio akibebe, na kama wewe mwenyewe ungekubali kukibeba. Na ukigundua umekosa, usingoje mpaka daktari asimame mlangoni.

Mke wa mdogo wangu hunikaribisha vizuri kila niendapo. Hunimiminia chai, na siku hizi hukubali sukari na unga ninavyowapelekea. Lakini mpaka leo ananiita mama. Bado hajaniita wifi. Ninangoja, wala simharakishi.